Shimo Ambalo Halikuwa la Ndizi

Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa nimeshika mche wa ndizi, na mtoto amefungwa kifuani kwa leso. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limetoka vizuri baada ya mvua, na kijiji chote cha Bahati kinanuka udongo. Jirani wa ng'ambo ya ua alikuwa anapunguza migomba yake akanirushia mche mmoja. Nikakumbuka lile shimo nyuma ya nepia, yale majani tunayolisha ng'ombe. Mume wangu alikuwa amelichimba majuma kadhaa nyuma, na nilipomuuliza ni la nini alisema ni la ndizi. Haya, ndizi imepatikana. Nikapita katikati ya nepia, nikapiga magoti, nikaanza kuutia mche.

"We! Usipande hapo!"

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni yake, sufuria mkononi, maji yanammwagikia miguuni wala hana habari.

"Kwani shida iko wapi, mami? Si alisema ni ya ndizi?"

"Nimesema toa. Hiyo shimo si ya ndizi."

"Ni ya nini?"

Alimwangalia mume wangu, aliyekuwa kwenye mfereji ananawa, uso umejaa povu. Mume wangu aliinamisha kichwa akaendelea kujisugua kama mtu ambaye uso wake hautatakata leo.

Nikaliangalia shimo. Shimo la ndizi huku kwetu ni pana, la mviringo, na huwekwa mbolea ya ng'ombe mpaka nusu. Hili lilikuwa jembamba, refu kiasi, pembe zake zimenyooshwa kwa jembe, na ndani hakukuwa na mbolea hata konzi. Nikamwangalia mtoto kifuani. Nikaliangalia shimo tena. Wangetoshana, na nafasi kidogo ingebaki.

Sikulia. Nilichukua jembe lililokuwa limeegemezwa uani nikaanza kurudisha udongo, mkono mmoja nimemshikilia mtoto kichwa.

"Semeni!" nilipiga kelele mpaka jirani akaacha kazi yake. "Nani alikuwa ashike kichwa na nani ashike miguu? Mlikuwa mmegawana?"

"Punguza sauti," mama mkwe akasema. "Watu wanasikia."

"Wasikie!"

Vumbi lilimpanda mtoto puani, akapiga chafya. Alikuwa macho, ananitazama kutoka chini, ule mdomo wake uliopasuka umeachama juani, hajui chochote.

Wacha nieleze tulivyofika kwenye shimo.

Nilijifungulia mjini Nakuru, katika nyumba ndogo ya uzazi ambayo sitaitaja hapa. Wanajijua. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mtoto akitoka watu husema kitu: ni msichana, ni kijana, hongera, chochote. Wangu alitoka na hakuna mtu aliyesema kitu. Nilisikia mtoto akilia, na nilisikia mkasi ukitiwa kwenye beseni, basi. Nesi aliyenizalisha alimfunga mtoto kwa shali, na hakuishia mabegani. Alimfunika na uso.

"Nipe nimwone."

"Pumzika kwanza, mama."

"Nimepumzika."

"Wewe pumzika tu."

Akatoka naye. Mlango haukufungwa sawasawa, na nikasikia sauti za chini huko koridoni: yake, ya mama mkwe wangu, na ya mume wangu iliyokuwa inauliza kitu na kukatizwa. Nilichoshika vizuri ni maneno ya mwisho ya mama mkwe: "Ni sawa, sista. Tumeelewa." Nikajiuliza wameelewa nini ambacho mimi niliyezaa sijaelezwa. Hakuna aliyerudi kuniambia.

Nilimwona asubuhi yake. Walimleta amefunikwa, wakamlaza kando yangu, na nesi alipogeuka kuchukua dripu ya mwenzangu, nilifunua shali mwenyewe. Mdomo wa juu ulikuwa umeachana upande wa kushoto hadi kwenye tundu la pua, kama nguo iliyofumuka kwenye mshono, na ufizi ulionekana, mwekundu, umelowa. Nilishtuka. Mtu asikudanganye kwamba mama hashtuki. Lakini huyo mtoto akapiga mwayo. Uso mzima ulifunguka, mpasuko ukaenda huku, pua ikaenda kule, sijawahi kuona mwayo mkubwa hivyo kwa mtu mdogo hivyo. Nikacheka mpaka mishono ikaniuma. Nikamwambia, "Kumbe wewe ndiye ulikuwa unanipiga mateke?" Hapo mimi na yeye tukawa tumejuana. Haikuhitaji zaidi.

Nesi aligeuka akanikuta ninacheka. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, huruma ile watu huwa nayo kwenye mazishi, akarudisha shali mahali pake.

"Atakuumiza huyu," akasema. "Usimwangalie sana."

Nyumbani ndiko nilikoanza kuogopa, na sikujua ninaogopa nini.

Kwetu mwanamke akijifungua, boma linanuka njahi. Ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. Yanachemshwa tangu alfajiri, yanapondwa na ndizi mbivu, na mzazi analishwa mpaka akatae, kwa sababu ndiyo huleta maziwa. Mke wa shemeji yangu alipojifungua mapacha, mama mkwe alimpikia njahi mpaka tukamtania kwamba atazaa mapacha wengine kabla ya hawa kukua. Mimi nilirudi nikapewa chai ya rangi na mkate. Kesho yake chai na mkate. Nikadhani njahi imepanda bei sokoni. Kisha nikaona gunia dogo la njahi stoo, limefungwa kamba, halijaguswa.

Badala ya njahi aliniletea majani ya kabeji yaliyopoa.

"Weka kwa matiti," akasema. "Yatapunguza uchungu."

"Sina uchungu, mami."

"Utakuja kuwa nao. Maziwa ikishuka na hakuna wa kunyonya, itakuletea homa."

"Hakuna wa kunyonya aje? Si mtoto ako hapo?"

"Na huo mdomo?" Akachukua leso, akanifunga kifua kwa nguvu, akakaza fundo mgongoni. "Pumzika, msichana wangu. Mtoto nitakaa naye mimi kule jikoni, kuna joto."

Mimi nilisoma mpaka fomu foo na biolojia niliipita. Ninajua kabeji na leso ya kukaza hufanya nini kwa maziwa. Lakini nilikuwa nimetoka kuzaa, mwili umelegea, na mama huyu hajawahi kunitukana hata siku moja. Aliongea polepole. Alinishika bega. Ndiyo sababu sikusema kitu mapema.

Mambo mengine nayo nilianza kuyaona. Hakuna aliyekuja kumwona mtoto. Kwa kawaida wanawake huja na kuni, na unga, na viazi, wanakaa mpaka unatamani waende. Mke wa pasta alipita langoni, akapunga mkono, akaenda. Ile blanketi ya manjano niliyokuwa nimemnunulia mtoto ilibaki kwenye karatasi yake juu ya kabati. Mtoto alivalishwa vitambaa vya zamani vya binamu zake. Jirani alinisalimia kwenye ua akasema, "Pole."

"Pole ya nini?"

"Pole tu," akasema, akashughulika na migomba yake.

Na mume wangu. Yeye hutengeneza matairi ya malori kule Salgaa, anarudi nyumbani wikendi. Nilipokuwa na mimba alikuwa akifika anaweka mdomo karibu na tumbo, mikono meusi ya grisi ameinua juu asinichafue, anauliza, "Boss, niaje huko ndani?" Sasa alikuwa anasimama mlangoni pa chumba.

"Mko aje?"

"Si uende jikoni umwone?"

"Nitaenda." Halafu anaenda kukata nepia, na ng'ombe mwenyewe ameshiba.

Kilichonitoa kitandani ni kilio. Mtoto alikuwa na kilio cha nguvu aliponitoka tumboni, na sasa kilikuwa kinakonda kila siku, mpaka kikawa kama mlango unaofunguliwa na upepo. Niliinuka nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amempakata, uso umefunikwa, anainua pembe ya shali na kumtilia maji ya sukari kwa kijiko.

"Hiyo tu?"

"Anapata kidogo. Hatasikia njaa sana."

Hatasikia njaa sana. Nilimchukua kutoka mikononi mwake, nikarudi chumbani, nikafungua leso. Majani ya kabeji nilimrushia ng'ombe dirishani, akala yote.

Kumnyonyesha hakukuwa rahisi. Alishika akaachia, akashika akaachia, hewa inapita kwenye ule mpasuko, analia kwa hasira na mimi ninalia kwa hasira. Nilimkalisha wima, nikajaribu hivi na vile, mpaka nilipogundua kwamba titi lenyewe likisukumwa vizuri linaziba mwanya. Nikauziba kwa kidole gumba pale titi lilipobakiza. Akavuta. Alikuwa anatoa sauti kama mzee anayekunywa chai ya moto kwenye kisahani. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini yalikuwepo, na tangu hapo kila aliponyonya nilimfunua uso wote nimtazame. Nilimjua kila kona. Nilijua ufizi wake unavyong'aa akishiba, na jinsi kile kipande cha mdomo cha kushoto kinavyotetemeka kabla hajalia, kikinionya mapema.

Nilimpigia mama yangu, aliyeko Gilgil.

"Maziwa imekataa kuongezeka, mama."

"Unakula nini?"

"Chai. Ugali na sukuma."

"Na njahi?"

Nikaangalia mlango wa stoo.

"Hawajakupikia njahi?" Kisha mama akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Sikiza. Huyo mtoto asitoke mikononi mwako. Hata ukienda choo, enda naye. Umenisikia?"

"Kwani kuna nini?"

"Mama aliyezaa asipopikiwa njahi, ni kwa sababu wanaona hakuna wa kunyonyesha. Shika mtoto wako."

Alinitumia njahi kwa gari, nikaenda kuzichukua stendi na mtoto mgongoni, nikazipika mwenyewe kwenye jiko langu. Harufu ilipofika jikoni kwa mama mkwe, alikuja akasimama nje ya mlango wangu. Hakuingia.

"Unajitafutia machozi," akasema, na akaenda zake.

Wiki hiyo ndipo mume wangu alipochimba shimo. Nilimwona dirishani, anapima kwa mpini wa jembe, anasimama, anapima tena. Baada ya hapo, kila Jumamosi alipotoka Salgaa alikuwa anapita nyuma ya nepia kabla hajaingia ndani. Mvua ikilijaza maji, anayachota kwa mkebe. Udongo ukiporomoka, anausawazisha. Mimi dirishani ninanyonyesha, ninajiambia mwanamume huyu anapenda ndizi kweli.

Sasa turudi Jumamosi ile ya mche. Nilifukia shimo mpaka likawa sawa na ardhi, nikalikanyaga. Mume wangu alikuwa amekuja mpaka kwenye nepia, povu limemkaukia usoni.

"Nesi alisema hawa huwa hawakai," akaanza. "Alituambia pale koridoni. Alisema hatanyonya, atadhoofika tu pole pole. Alisema wewe usimzoee, kwa sababu ukimzoea utaumia mara mbili. Tukaambiwa tukusaidie."

"Kunisaidia na jembe?"

"Nilichimba mapema kwa sababu nilijijua. Siku yenyewe singeweza." Alijipangusa na mkono. "Na singemshika. Nikimshika, nani atamzika?"

Mama mkwe alikuwa amekaa chini pale mlangoni pake, sufuria tupu mapajani.

"Mimi nilizika mmoja kabla ya huyu," akasema, akimwonyesha mume wangu kwa kidevu. "Alikuwa ameshaota meno. Ananiita. Hujui unachoongea, msichana. Ningekuwa nimekatazwa kumzoea, ningeshukuru."

Sikuwa najua. Miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kuniambia. Nilimwonea huruma na sikumpunguzia hata kidogo.

"Wako alikuwa mgonjwa, mami. Wangu alikuwa na njaa."

Akafunika uso kwa leso yake.

Nikamfungua mtoto kifuani, nikamnyooshea mume wangu.

"Shika."

"Niko na sabuni."

"Mshike na sabuni hivyo hivyo."

Alimpokea mikono imekakamaa, kama mtu aliyepewa betri ya lori inayovuja asidi. Mtoto alimkagua. Siku hizo ndipo alipokuwa ameanza kucheka, na akicheka ule mdomo hufunguka pande zote mbili, unapanda mpaka puani, kicheko ambacho watoto wengine hawana nafasi ya kukiweka. Akamchekea. Mume wangu akakaa chini kwenye udongo ule ule niliokuwa nimetoka kuukanyaga.

"Niaje, boss," akasema.

Msidhani niliona hayo nikatulia. Mpaka leo mtoto akikohoa, ninamwona mama mkwe anasimamisha kazi na kusikiliza. Mpaka leo mume wangu akishika jembe, ninamnyanyua mtoto. Nimelala kitanda kimoja na mtu aliyempima mtoto wangu kwa mpini, na ninajua alifanya hivyo akilia, na kujua hakunisaidii.

Tulimpeleka hospitali kubwa, mimi na mume wangu. Daktari, msichana mdogo pengine rika langu, alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akazungusha.

"Kaakaa iko nzima," akasema. "Ni mdomo tu. Huu tunashona akifikisha uzito. Nani alisema hawezi kunyonya?"

Mume wangu akaangalia sakafu, nami nikamweleza daktari yote.

"Angekaa hivyo na maji ya sukari," daktari akaendelea, "angekufa. Lakini si kwa sababu ya mdomo."

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilimwambia mume wangu twende kule nilikojifungulia. Alisema tuache tu, mtoto yuko hai, tunatafuta nini. Nilitangulia, akafuata.

Nesi alikuwa kwenye zamu. Alinikumbuka mara moja. Aliangalia mzigo kifuani pangu, na uso wake ukawa na ile huruma tena.

"Kumbe bado uko naye?" akasema. "Pole, mama."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilikuwa na matusi ya kutosha korido nzima. Lakini nyuma yake mlango ulikuwa nusu wazi, na ndani kulikuwa na mtoto mchanga analia, na kwenye benchi alikuwa amekaa mama mzee na kijana wa kiume, wanamngoja huyo huyo nesi amalize na mimi ili aendelee kuwaambia alichokuwa anawaambia kwa sauti ya chini. Yule mama mzee alikuwa anatikisa kichwa, anakubali. Sikujua mtoto wao ana nini. Sikujua kama amefunikwa uso.

"Mama yake amemwona?" nilimuuliza yule mama mzee.

"Tumeambiwa apumzike," akasema.

Nesi alinishika mkono anitoe nje. Nilipiga kelele, kelele za kweli, nikitaka yule mtoto mchanga apelekwe kwa mama yake sasa hivi. Mlango mwingine ukafunguka, msimamizi akatoka, akauliza mimi ni nani. Nilimwambia atajua kwa maandishi. Lakini sikutoka koridoni mpaka nilipoona yule mtoto akipelekwa chumbani kwa mama yake.

Watu walinishauri mengi. Wengine walitaka nimshtaki mama mkwe kwa chifu. Mama yangu alitaka nirudi Gilgil kabisa. Kanisani niliambiwa niombe. Mume wangu, bila kuambiwa, alininunulia karatasi na bahasha. Nilikaa mezani na mtoto mapajani nikaandika barua, nikafanya nakala, tukaipeleka pamoja kwenye ile nyumba ya uzazi, nikasimama kwenye dirisha la ofisi mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Niliandika hivi:

*Kwa Msimamizi.*

*KUH: MALALAMISHI DHIDI YA NESI WENU*

*Mimi ni mama niliyejifungua kwenu mtoto wa kike mwenye mdomo uliopasuka. Nalalamika kama ifuatavyo. Nesi alimficha mtoto wangu uso na kumtoa chumbani kabla sijamwona. Aliwaambia mume wangu na mama yake, bila mimi kuwepo, kwamba mtoto hatanyonya na hatakaa. Hakumpima kunyonya. Hakututuma kwa daktari. Aliwaambia wanizuie kumzoea mtoto wangu. Kwa sababu hiyo maziwa yangu yalikaushwa na mtoto akapewa maji ya sukari, na maandalizi ya kumzika yakafanywa mtoto akiwa mzima.*

*Siombi pole. Naomba nesi huyo asizalishe mtu mwingine mpaka jambo hili lisikizwe. Naomba wazazi wote mliowaambia maneno kama haya watafutwe na waambiwe ukweli, wale ambao watoto wao bado wapo, na wale ambao hawapo tena. Najua hao wa pili itakuwa vigumu kuwaambia. Waambieni.*

*Baba ya mtoto yuko tayari kutoa ushahidi juu ya aliyoambiwa koridoni. Mtoto mwenyewe yuko hai na tutamleta siku yoyote mtakayotaja.*